Mikanda ya Wageni

Hadi mwaka 1997 Yeremia Mihayo alikuwa amefanya kazi ya kupanda minara kwa miaka ishirini bila kuanguka hata mara moja, na jambo hilo lilimharibia sifa. Mtu aliyeanguka akapona husikilizwa. Huonyesha kovu, na watu husogeza viti. Mihayo hakuwa na kovu la kuonyesha. Alipoanza kueleza habari za mikanda na kamba, wenzake walimtazama kama mtu anayemwogopa mnyama ambaye hajawahi kumwona.

Alizaliwa upande wa Magu, katika nyumba ya wafugaji, na akiwa kijana aliajiriwa na shirika moja la umma lililokuwa na minara ya simu mikoani. Huko alifundishwa kwa utaratibu ambao siku hizi watu huucheka. Miezi miwili ya kwanza hakupanda popote. Alikaa darasani akijifunza mkanda: namna ya kuukagua, kuuvaa, kuutunza, na zaidi ya yote namna ya kuukataa. Mwalimu wao alikuwa akisema kwamba mkanda mbovu ni hatari kuliko kutokuwa na mkanda, kwa sababu asiye na mkanda hushika ngazi kwa mikono miwili.

Mwaka 1995 shirika lilipunguza wafanyakazi. Walikusanywa ukumbini wakaelezwa kuwa nchi imeingia katika soko huria na kwamba huria ni jambo jema. Kisha kila mmoja akapewa saa ya ukutani. Mihayo aliruhusiwa pia kuondoka na mkanda wake wa kiunoni, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Mtu wa utaratibu, alikwisha kuuandikia kwa wino usiofutika tarehe ya mwisho wa kutumika: Desemba 1995.

Miezi michache baadaye alipata kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, ufukweni upande wa Ilemela. Viwanda vya namna hiyo vilikuwa vinaota kandokando ya ziwa miaka ile, na kila kimoja kilihitaji maji mengi, kwa hiyo kila kimoja kilikuwa na tangi juu ya mnara. Mnara wa kiwanda hiki ulikuwa na urefu wa mita ishirini na nne. Kila Jumatatu asubuhi ilibidi watu wawili wapande, wasafishe chujio, wakague boya la kuzuia maji yasifurike na kukwangua kutu. Watu hao walikuwa Mihayo na mwenzake Masalu, mwanamume mnene mwenye utani mwingi, aliyewahi kuwa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba.

Masalu alikuwa akipanda bila mkanda wowote. Mihayo alimwambia meneja kwamba hilo haliwezekani. Meneja, Bwana Muganyizi, Mhaya msomi aliyependa mambo yaende kisasa, alikubali palepale na kumtuma soko la Makoroboi akachague mikanda miwili.

Makoroboi wakati huo kila kitu kilipatikana. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Mayala alikuwa na marobota ya mitumba kutoka Ulaya, na ndani ya robota moja, katikati ya makoti ya baridi, ilikuwamo mikanda minne ya kupandia. Aliitandaza juu ya turubai.

"Huu Mjerumani huu," alisema Mayala. "Haukatiki hata ukifungia ng'ombe."

Mihayo aliuchukua, akachuchumaa. Aliukunja utepe wake kati ya vidole, shubiri kwa shubiri, akitafuta nyuzi zilizokatika. Alitazama mishono mmoja mmoja. Akaugeuza, akatafuta lebo.

"Lebo imekatwa."

"Lebo ya nini, mzee? Unataka kusoma au kupanda?"

"Lebo ndiyo inayosema ulitengenezwa mwaka gani na unabeba uzito gani."

"Unabeba. Mimi nakwambia."

Mkanda wa pili ulikuwa na sehemu ngumu, ndogo kama kucha, mahali utepe ulipoyeyushwa na moto, labda wa sigara. Wa tatu ulikuwa na kutu kwenye pete ya chuma. Mihayo aliuweka kila mmoja pembeni kwa adabu, kama mtu anayerudisha barua isiyo yake. Watu walianza kusimama kutazama.

"Mzee," Mayala akasema, "unanunua mkanda au unaoa?"

"Mke ningemchukua na kasoro zake," alijibu Mihayo.

Mkanda wa nne ulikuwa mzima, una lebo, na haukuwa na umri mkubwa. Mayala alifurahi mapema. Mihayo aliuvaa, akauvua.

"Huu ni wa kupandia mawe kwa mchezo. Unashika kiuno na mapaja tu. Mtu mwenye begi la spana mgongoni akianguka nao, atageuka kichwa chini. Sisi tunataka unaoshika mpaka mabegani."

"Mawe hapa Mwanza yamekosekana lini? Chukua, ukapande mawe."

Alirudi kiwandani mikono mitupu. Muganyizi alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mihayo, nilikutuma mikanda. Umeniletea sababu."

Hata hivyo meneja alikuwa mtu mwelewa, na sababu zenyewe zilikuwa na sauti ya kisasa. Aliagiza mikanda mipya Nairobi. Ilibidi vipimo vipelekwe, na aliyepima alikuwa Mama Felicitas, mtunza stoo, mama wa Bukoba aliyesifika kwamba kitu kikiingia mikononi mwake hakipotei wala hakichakai. Mihayo alisisitiza wapimwe wakiwa wamevaa ovaroli, kwa sababu hakuna anayepanda mnara akiwa na shati la Jumapili. Masalu alipopimwa mapaja, akina mama wa kuchuna minofu waliacha visu wakaja mlangoni.

"Mama Felicitas, utepe utafika kweli?" mmoja akauliza.

"Ukiisha, ongeza wa kwako," Masalu alijibu.

Mikanda ilifika Oktoba 1996. Ilikuwa myeupe yenye mistari ya bluu, na ilipendeza mno. Mihayo hakuiamini kwa ajili ya uzuri wake. Aliisoma lebo, akaikagua, kisha akamning'iniza Masalu kwenye kapi la karakana, miguu ikiwa shubiri moja tu kutoka sakafuni, kwa dakika kumi nzima. Mkanda unaokutosha ukiwa umesimama, alieleza, unaweza kukukata mapaja ukiwa unaning'inia, na ni heri uligundue hilo karibu na sakafu.

"Niko sawa," alisema Masalu akizunguka polepole. "Nileteeni chai."

Jumatatu iliyofuata walipanda wakiwa wameivaa. Kila mmoja alikuwa na kamba fupi mbili zenye kulabu, wakihamisha moja baada ya nyingine, ili wakati wote kulabu moja iwe imeshika chuma kilicho juu ya kichwa. Masalu alishuka akasema kwamba kwa mara ya kwanza ameliona ziwa, kwani siku zote akiwa kule juu alikuwa anaangalia vidole vyake.

Kwa bahati mbaya, akiwa na furaha hiyo, alipita ndani ya chumba cha minofu bila kuvua mkanda. Damu ya sangara ikaruka.

Muganyizi aliliona doa. Hakugomba. Alisikitika tu, kama unavyosikitika ukiona kikombe kizuri kimepasuka ukingoni. Siku hiyohiyo mikanda ikahamishiwa mapokezi, katika kabati la vioo, kati ya kombe la mpira la mwaka uliopita na picha ya mwenye kiwanda.

"Ni vitu vya thamani hivi," alieleza meneja. "Wakija wageni vitatolewa."

Msomaji anaweza kudhani kwamba Mihayo alipinga. Ukweli ni kwamba alielewa, na kuelewa huko ndiko kulikomfunga mdomo. Nyumbani kwake Buzuruga kulikuwa na kabati lenye glasi sita za maua ambazo yeye na mkewe Odeta walipewa siku ya harusi. Katika miaka kumi na saba hakuwahi kunywea hata moja. Yeye hunywa maji kwa kikombe cha plastiki, na glasi husubiri wageni. Mama Felicitas alikuwa na shuka ambalo halikuwahi kulaliwa na mtu wa nyumbani. Katika nyumba yoyote yenye heshima, kuanzia Nansio mpaka Busisi, kitu kizuri huwekwa kwa ajili ya atakayekuja, na anayeishi na kitu hicho hukipangusa vumbi. Kiwanda nacho kilikuwa nyumba yenye heshima.

Basi Masalu akarudi kupanda kwa vidole vyake. Mihayo akarudi kwenye mkanda wake wa zamani, ule ulioandikwa Desemba 1995. Hakuyafuta maandishi, maana hilo lingekuwa uongo. Aliugeuza tu, upande wenye tarehe ukaangalia tumbo.

Hali hiyo iliendelea kwa miezi tisa.

Mwezi Julai 1997 iliingia habari kwamba wanunuzi kutoka Ulaya wanakuja kukagua kiwanda. Kama wangeridhika, wangechukua minofu yote. Kama wasingeridhika, kila mtu alijua geti liko wapi. Wiki nzima watu walipaka chokaa. Ratiba ilibandikwa ukutani: Alhamisi, saa tano, wageni wataona wafanyakazi wakikagua tangi la maji kwa kutumia vifaa vya usalama. Watapiga picha.

Alhamisi hiyo, saa nne na nusu, Mama Felicitas aliileta mikanda chini ya mnara akiwa ameibeba juu ya mikono yote miwili, kama mtu anayepeleka nguo za mtoto kanisani. Ilikuwa myeupe kuliko siku ilipofika kutoka Nairobi. Hata mistari ya bluu ilikuwa imekaribia kuwa myeupe.

"Umeiona?" alisema. "Lile doa la Masalu lilinisumbua sana, lakini limeondoka."

Mihayo aliipokea. Kabla hata ya kuikunja, aliinusa.

"Mama Felicitas, uliifua na nini?"

"Klorini, ile ya makoti ya akina mama. Kila mwisho wa mwezi nailoweka usiku kucha, halafu naipiga pasi."

"Pasi ya moto?"

"Kuna pasi ya baridi, baba?"

Katika kiwanda hicho kila kitu kilipitia klorini. Makoti yalilowekwa, meza zilisuguliwa, buti zilikanyagishwa humo kabla ya kuingia ndani. Klorini ndiyo ilikuwa usafi wenyewe. Mama Felicitas hakufanya uzembe wowote. Alikuwa ameitendea mikanda ile kwa heshima ya juu kabisa aliyoijua, mara tisa.

Mihayo aliukunja utepe kati ya vidole. Ulikuwa mgumu kama ngozi iliyosahauliwa juani. Alisugua mshono kwa ukucha, na vumbi jeupe likabaki kidoleni kama unga.

"Umeona doa?" Mama Felicitas aliuliza kwa wasiwasi.

"Sijaona."

"Sasa shida nini?"

"Hatuwezi kupanda nayo."

Muganyizi alifika akiwa ametangulia wageni, tai imemkaa vizuri. Alimvuta Mihayo pembeni.

"Wako chumba cha barafu. Dakika kumi watakuwa hapa. Vaeni."

"Meneja, mikanda hii imekufa. Klorini imeila uzi."

"Mbona mizima hii? Inang'aa."

"Ndiyo, inang'aa."

"Mihayo, sikiliza. Panda hatua kumi tu. Uegemee nyuma kidogo, wapige picha, ushuke. Baada ya hapo uniandikie barua ya sababu zako zote."

Hatua kumi. Mihayo aliutazama mnara. Alifikiria kweli kupanda, na kuegemea kwa uongo, mikono yake ikifanya kazi ambayo mkanda ungesifiwa kwayo. Angeweza. Masalu alikuwa amepanda kwa vidole vyake tu kwa miezi tisa. Binti yake alikuwa kidato cha tatu, na karo haikungojea mtu amalize kukagua mishono. Alifikiria pia ile saa ya ukutani, na kwamba ukutani kwake hapakuwa na nafasi ya saa ya pili.

"Sipandi, Meneja," alisema. "Nisamehe."

Muganyizi hakupaza sauti. "Vizuri. Masalu, vaa wewe. Jumatatu tutazungumza na Mihayo habari ya ajira yake."

Masalu alimtazama Mihayo, akamtazama meneja, akaanza kuingiza mguu katika kitanzi cha paja. Mtoto wake wa nne alikuwa na wiki mbili. Na Masalu hakujua kuegemea kwa uongo. Mihayo mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuachia mkanda uzito wote.

Hapo Mihayo alifanya jambo ambalo katika miaka ishirini ya utii hakuwahi kulifanya. Aliuchukua mkanda kutoka miguuni mwa Masalu, tena bila kuomba.

"Toa mguu, ndugu yangu."

Alikwenda nao hadi kwenye kapi la karakana hatua chache kutoka pale. Alifunga magunia mawili ya chumvi pamoja, kilo mia moja, akayavalisha mkanda kama mtu anavyovalishwa, akaukaza. Akaunganisha pete ya mgongoni na kamba fupi, kamba na ndoano ya kapi. Masalu, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alisaidia kuyainua magunia kiasi cha urefu wa mkono.

"Hayo magunia ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, kabla hujala."

"Mihayo," alisema meneja. "Mihayo, acha."

Waliyaachia.

Hapakuwa na kishindo kikubwa. Mshono wa bega uliachia kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa dukani, wa paja ukafuata, na magunia yakaanguka sakafuni. Moja lilipasuka. Chumvi ilimwagika mpaka kwenye viatu vya Bwana Muganyizi. Kwenye ndoano ulibaki utepe mmoja mweupe ukiyumba, safi kabisa.

Mama Felicitas aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

Wageni walikuwa wamesimama mlangoni. Walikuwa watatu, wamevaa makoti meupe na kofia za plastiki, na mmoja wao tayari alikuwa na kalamu mkononi. Aliuliza kitu kwa Kiingereza. Hapo ndipo elimu ya Bwana Muganyizi ilipoonekana. Alifuta chumvi kwenye kiatu, kisha akajibu kwa utulivu kwamba hili ni zoezi la kawaida: kiwanda hakimruhusu mfanyakazi apande na mkanda ambao haujajaribiwa, na ule usiofaulu huharibiwa mbele ya wafanyakazi ili wajifunze. Mgeni aliandika kwa muda mrefu. Mwingine alipiga picha ya chumvi.

Ripoti ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisifu mambo mawili, usafi na jaribio la mikanda, bila kujua kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Ilielekeza pia kwamba mikanda iliyoharibiwa ifidiwe kwa mipya mara moja, na kwamba itumike kila siku ya kazi.

Siku hiyo Mihayo alipewa barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya karipio, kwa kuharibu mali ya kiwanda bila idhini. Ya pili ilikuwa ya pongezi, kwa kubuni utaratibu bora wa usalama. Zote zilisainiwa na Bwana Muganyizi kwa wino uleule, na kwa kuwa hakuna iliyofuta nyingine, Mihayo aliendelea na kazi.

Mama Felicitas alimfuata karakana jioni, ameshika daftari.

"Ningekuua, baba," alisema.

"Ungeniua nikiwa msafi."

Hakucheka. Alitaka aambiwe taratibu, aandike. Mihayo alimwambia: maji ya kawaida na sabuni ya mche, kidogo. Kuanika kivulini, si juani. Pasi hapana, klorini hapana, tindikali ya betri hapana, wala usiiweke karibu navyo. Kila mkanda uwe na jina la mvaaji. Ukishika mtu aliyeanguka, hata kama unaonekana mzima, hautumiki tena.

"Hata kama hauna doa?"

"Hata kama hauna doa."

Aliandika, akapigia mstari. Kisha akauliza kama naye angeruhusiwa kuuvaa mmoja siku moja, ili ajue anachokitunza. Mihayo alikiri kwamba hilo hata shirika la umma halikuwahi kulifikiria.

Mikanda ya safari hii ilikuwa ya rangi ya chungwa, mibaya kabisa kwa kabati la vioo, na Mihayo ndiye aliyeichagua kwa sababu hiyo. Jumatatu ya kwanza walivaa chini ya mnara. Kulikuwa na ukungu mwepesi ziwani na mitumbwi ilikuwa inaingia na samaki. Akina mama kadhaa walisimama kutazama, kwani sasa Mihayo alikuwa mtu wa kusikilizwa. Aliwaeleza kwa kirefu. Aliwaonyesha lebo, mishono, vitanzi vya mapaja. Aliwaambia kuwa hakuna mpandaji anayejikagua mwenyewe peke yake: kila mmoja humkagua mwenzake, kwa macho na kwa mkono. Alizungumza vizuri, na alipomaliza akashika ngazi.

"Subiri," alisema Masalu.

Aliingiza vidole chini ya bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda kiunoni mwa Mihayo, akavuta. Ncha ya utepe ilipaswa kupita kwenye bizimu, ikunjwe, irudi kupita mara ya pili, ndipo ishike. Ilikuwa imepita mara moja tu. Ikateleza ikatoka yote, ikabaki mkononi mwa Masalu.

Mihayo aliitazama ile ncha.

"Nilikuwa nakupima wewe," alisema hatimaye.

"Nimefaulu?"

"Umefaulu."

Masalu alimrudishia ncha ya utepe. Mihayo aliuingiza kwenye bizimu, akaukunja, akaurudisha kupita mara ya pili. Kisha akasimama wima, mikono pembeni, akasubiri mwenzake avute tena.